Umejuaje, Mwalimu? Hatua Tisa za Kufundisha Historia kwa Watoto wa Rumonge

Kwa miaka mingi nilisimama mbele ya darasa nikawaambia watoto kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale Mugere, kwenye lile jiwe kubwa lililo karibu na barabara ya Bujumbura. Ndivyo nilivyoambiwa mimi nikiwa mtoto, na aliyeniambia naye aliambiwa. Siku moja msichana wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu ni mtu wa Ujiji. Anasema walikutana kwao, chini ya mwembe. Wewe umejuaje kwamba ni hapa?"

Nilimwambia akae chini. Usiku ule sikupata usingizi. Jibu la kweli nililokuwa nalo ni kwamba sikujua chochote. Nilikuwa nimerithi tu.

Mwongozo huu umezaliwa na swali la mtoto yule. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi katika mwambao wetu wa Tanganyika, kuanzia Kabezi na Minago, kupita Rumonge na Kigwena, hadi Nyanza-Lac. Mzazi pia atapata cha kushika. Hoja yangu ni moja: mtoto wa miaka kumi hahitaji kubeba tarehe mia kichwani. Anahitaji kujifunza kuuliza "umejuaje?" kwa adabu, na kuvumilia mpaka apate jibu. Kwetu hapa hilo ni jambo la maisha, kwa sababu shamba moja la michikichi laweza kuwa na visa viwili, kila kimoja kikisimuliwa katika nyumba yake.

Utakavyohitaji

- Kamba ya mita 4. Kamba kuukuu ya nyavu inafaa, na wavuvi hawainyimi shule.
- Vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali na kipimo cha sentimita.
- Ubao, chaki, na daftari kubwa moja la darasa lote.
- Kipindi kimoja kila wiki kwa muda wa muhula mmoja.
- Ruhusa ya mkuu wa shule, na ya wazazi pale nitakapotaja.

Kama darasa lako lina watoto wengi na vitabu vichache, usikate tamaa. Hakuna hatua hapa inayodai kitabu kwa kila mtoto. Wagawe kwa makundi ya watoto sita au saba, kila kundi na msemaji wake, na msemaji abadilike kila wiki ili wapole nao wasikike. Kuhusu lugha, tumia ile ambayo mtoto huitumia kumsimulia mama yake kilichotokea njiani. Kwa wengi ni Kirundi, na kwa wengi wa mjini Rumonge ni Kiswahili. Kifaransa kitumie kwa majina ya vitabu na mambo ya mtihani.

Darasa la kwanza na la pili watoshwe na hatua ya 1, ya 2 na ya 4. La tatu na la nne waongezewe ya 3 na ya 5. La tano na la sita wapitie zote kwa mpangilio, isipokuwa ya 8, ambayo ni ya la sita tu.

Hatua ya 1: Chora safu tatu ubaoni

Kabla ya mfalme yeyote na vita vyovyote, chora safu tatu. Juu ya ya kwanza andika TUMEONA. Ya pili, TUMEAMBIWA. Ya tatu, HATUJUI BADO.

Kisha uliza swali dogo: "Nani alifungua mlango huu leo asubuhi?" Watajibu kwa pamoja kwamba ni mlinzi. Uliza tena: "Nani kati yenu alimwona akifungua?" Mikono itashuka, itabaki miwili au mitatu. Hao wawili au watatu jibu lao liandike kwenye TUMEONA. Wengine wote walidhani tu, kwa sababu yeye ndiye hufungua kila siku. Wakiwauliza wenzao walioona, jibu lao litaingia kwenye TUMEAMBIWA. Na alifungua saa ngapi kamili? Hakuna ajuaye. Hilo liingie kwenye HATUJUI BADO.

Ndani ya dakika kumi mtoto wa miaka saba ameelewa kazi ya mwanahistoria. Safu hizi tatu zitarudi katika kila hatua. Safu ya tatu iheshimu kuliko zote, na usione haya kuiacha wazi mbele ya watoto. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mtoto ataamini methali hiyo akimwona mwalimu wake naye anauliza.

Hatua ya 2: Anza na jina

Kila mtoto amekuja shuleni na hati ya historia, yaani jina lake. Katika Burundi jina la Kirundi hupewa mtoto mmoja mmoja, wala si lazima ndugu wafanane majina. Bukuru na Butoyi ni pacha, mkubwa na mdogo. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane. Majina mengi yanamtaja Imana, yaani Mungu: Nduwimana, Ndayishimiye. Na katika mitaa ya Waislamu wa Rumonge utawakuta akina Hamisi, Juma na Asha, majina yaliyofika huku pamoja na misafara na dini kutoka pwani ya Bahari ya Hindi.

Mpe kila mtoto kazi ya nyumbani: amuulize mzazi au mlezi nani alimpa jina, lini, na kwa nini. Kesho yake waanze kusimulia kwa hiari.

Tahadhari: yapo majina yaliyobeba huzuni ya nyumba, na wapo watoto wasio na wa kumuuliza. Sema mapema kwamba anayetaka kukaa kimya akae, na kimya chake kisichunguzwe.

Hatua ya 3: Tandika kamba ya wakati

Mtoto akisikia "zamani", uhuru na Nuhu kwake ni siku moja. Kamba hutibu jambo hili.

Kata mita 3 na sentimita 60. Huo utakuwa urefu wa kuanzia mwaka 1850 hadi 2030, kila mwaka sentimita 2. Waache watoto wenyewe wapime na wafunge vitambaa. Hivi hapa vipimo vya kuanzia:

- 1858, Burton na Speke wafika Ujiji: sentimita 16.
- 1871, Livingstone na Stanley Mugere: sentimita 42.
- 1881, mapadre wauawa Rumonge: sentimita 62.
- 1903, mkataba wa Kiganda kati ya Mwami Mwezi Gisabo na Wajerumani: sentimita 106.
- 1916, Wabelgiji wachukua nchi: sentimita 132.
- 1 Julai 1962, uhuru: sentimita 224.
- 28 Agosti 2000, mkataba wa amani wa Arusha: sentimita 300.

Sasa mwambie mtoto wa miaka 11 apime maisha yake. Ni sentimita 22, yaani shubiri moja ya mtu mzima. Aweke shubiri ikiishia kwenye mwaka huu aone. Kisha apime maisha ya bibi yake mwenye miaka 70: sentimita 140, zinazorudi nyuma hadi kabla ya uhuru. Nimeona watoto wakiitazama ile nafasi kati ya shubiri yao na mkono wa bibi kwa mshangao ambao hakuna tarehe ya ubaoni iliyowahi kuuleta.

Jambo moja usilisahau. Ukianza kamba na Burton, watoto watadhani ziwa lilianza siku Mzungu alipoliona. Kwa hiyo, upande wa mwanzo funga kamba nyingine ndefu isiyo na namba. Huko kuna wavuvi, wahunzi, wakulima wa mtama, ngoma za mwami na sherehe ya umuganuro. Waambie, "Upande huu watu walikuwapo na mambo yalitendeka. Tarehe ndizo hatuna."

Hatua ya 4: Vitu kwanza, kisha maneno

Waagize walete vitu vitatu au vinne vya nyumbani visivyovunjika: mwiko, jiwe la kusagia, boya la nyavu, taa ya kuvulia. Kila kitu kiulizwe maswali manne: Kimetengenezwa na nini? Nani alikitumia? Kabla yake palikuwa na nini? Tumejuaje?

Taa peke yake inatosha kipindi kizima. Wazee wa mwambao huu walivua usiku kwa mwanga wa mwenge wa matete mbele ya mtumbwi, wakichota ndagala kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Ikaja karabai ya mafuta ya taa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaanza mitumbwi miwili iliyounganishwa, yenye wavu mkubwa wa kuinua katikati. Leo mvuvi anatoka na taa za betri zilizochajiwa kwa jua. Samaki ni wale wale, ndagala na mukeke, na bado wanaufuata mwanga. Mtoto wa mvuvi, hata yule anayesumbuliwa na hesabu, hapa ndiye profesa. Mpe chaki asimame mbele.

Ukimaliza vitu, ingia kwenye maneno, maana neno nalo ni kitu cha kale. Andika ubaoni maneno matatu ya Kirundi anayoyatumia kila mtoto: *igitabo*, *ishule*, *Leta*. La kwanza ni ndugu wa "kitabu" cha Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, na lilisafiri pamoja na wafanyabiashara na walimu wa Kurani. La pili limetoka kwa Wajerumani, ambao shule yao huitwa Schule. La tatu ni Kifaransa cha Wabelgiji, l'État, yaani dola. Maneno matatu, nyakati tatu, na yote yamo mdomoni mwa mtoto tangu asubuhi. Waambie wawinde mengine sokoni.

Hatua ya 5: Mzee ndiye maktaba, lakini mwandae mtoto

Kumtuma mtoto akamhoji mzee bila maandalizi ni kuwachosha wote wawili. Fanyeni mazoezi darasani kwanza, mtoto mmoja akiwa mjukuu, mwingine bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu ukae."

"Asante bibi. Mwalimu ametutuma tujifunze kwako. Ulipokuwa na umri wangu, sokoni mlikuwa mnauza nini?"

Salamu, kukaa, shukrani, ndipo swali. Swali la kwanza liwe jepesi na la furaha: chakula, michezo, soko, nyimbo za harusi. Kuhusu vita mtoto asianzishe yeye.

Fundisha pia namna ya kupata wakati wa jambo. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwaka gani?", mara nyingi atanyamaza au atabahatisha kukufurahisha. Muulize hivi: Ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake? Ziwa lilikuwa limepanda? Ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto gani mgongoni? Bibi anayekumbuka kwamba maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za ufukweni naye ni msichana tu, amekupeleka karibu na 1964, mwaka ambao Tanganyika ilipanda sana. Mtoto arudi darasani na kitambaa chake, apime, afunge.

Yote aliyoyapata yaingie kwenye TUMEAMBIWA, na jina la mzee liandikwe kando akiwa ameridhia. Watoto wawili wakileta habari zinazopingana, shukuru. Ndipo somo linapoanza.

Hatua ya 6: Lisome jiwe la Mugere

Jiwe liko Mugere, kilomita zipatazo 12 kusini mwa Bujumbura. Kwa shule ya Rumonge ni safari ya siku nzima, nayo yahitaji barua ya wazazi, watu wazima wa kutosha, na sheria kali ya kutokaribia maji mnaposimama njiani, kwa sababu ya viboko na mamba. Kama nauli haipatikani, chora jiwe ukutani kwa chaki. Somo halipungui.

Kwenye jiwe pamechongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Waambie watoto wanakili kama walivyoona, herufi kwa herufi. Waeleze kwamba XI ni 11 kwa namba za Kirumi. Halafu uliza maswali haya, ukiyapa kila moja muda wake.

*Jiwe linasema nini?* Majina mawili na siku moja. Basi.

*Jiwe halisemi nini?* Hapa ndipo nilipokosea mimi. Halisemi kwamba walikutana hapa kwa mara ya kwanza. Hayo tumeyaongeza sisi wasomaji.

*Tunajuaje walikutana wapi?* Kwa maandishi yao wenyewe. Stanley alichapisha kitabu chake mwaka 1872, na shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Wote wawili wanasema ni Ujiji, kusini mwetu, leo Tanzania. Kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini, wakafika Mugere tarehe 25 Novemba, wakapokewa na chifu Mukamba, wakalala siku mbili.

*Je, walioona kwa macho yao wanakubaliana?* La, si kwa kila jambo. Stanley anaandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba. Hesabu ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa alikuwa ameugua na siku zilikuwa zimempotea. Watoto hulipenda sana hili, kwamba hata mkubwa aliyekuwapo aweza kukosea tarehe. Ndiyo sababu tunauliza zaidi ya mtu mmoja.

*Walikuja kufanya nini?* Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Kama ungetoka kwenda kaskazini, huenda Tanganyika ingekuwa chanzo cha Nile. Siku chache baadaye wakaukuta unaingia. Mwambie mtoto kwamba hili anaweza kulihakiki mwenyewe, maana Rusizi bado unatiririka kutoka Ziwa Kivu kuja kwetu. Mwulize pia: wavuvi wa hapa hawakulijua hilo kabla ya 1871? Acha wacheke, kisha waandike jibu lao katika safu inayostahili.

*Nani wengine walikuwapo?* Wapiga kasia, mpishi, mkalimani, watu wa Ujiji walioonyesha njia, na wenyeji waliowalisha. Jiwe halina hata jina moja lao. Liache swali hili lining'inie. Tutalirudia mwishoni.

Usiondoke ukiwaambia watoto kwamba jiwe ni la uongo. Jiwe limesema kweli tupu. Somo la siku hiyo ni kwamba ukweli mdogo uliochongwa vizuri huvutia uongo mkubwa ukae juu yake, na mtu makini huvitenganisha.

Hatua ya 7: Kisa ambacho upande mmoja tu uliandika

Baada ya Mugere, rudi nyumbani. Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe walifungua misheni hapa Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa, na misheni ikafungwa. Kumbukumbu za kimisheni zinasimulia kwamba ugomvi ulimhusu mtoto waliyekuwa wamemkomboa. Nyakati zile biashara ya watumwa ilikuwa imeshika kasi ziwani, na Ujiji ilikuwa kituo chake kikubwa.

Wasomee watoto kisa hiki kwa maneno machache, bila kupamba damu. Kisha wagawe makundi mawili. Kundi la kwanza liorodheshe tunachojua na kimetoka kwa nani. Kundi la pili liandike maswali ambayo lingewauliza wanakijiji wa Rumonge wa 1881 kama lingewakuta. Mliwaona wageni hawa kama nani? Mtoto yule alikuwa wa nani? Mliogopa nini? Na yeye mwenyewe mtoto, alitaka kukaa wapi?

Angalizo muhimu: kundi la pili lisitunge majibu. Mwalimu mwema hushawishika kuwaambia "jifanye wewe ni mwanakijiji, useme". Matokeo yake mtoto hutoka akiwa na kumbukumbu ya maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote. Maswali yabaki maswali. Yajaze HATUJUI BADO mpaka chini, na watoto waone kwa macho jinsi historia ilivyo kubwa upande wa wale wasioandika.

Hatua ya 8: Gusa jeraha kwa mkono mwepesi

Hatua hii ni ya darasa la sita tu. Usiifanye bila kibali cha mkuu wa shule na bila wazazi kujua. Nawe ujipime kwanza, maana mwalimu naye ana nyumba yake na makaburi yake. Kama bado huwezi kulitamka jambo hili bila sauti kubadilika, mwombe mwenzako akae nawe.

Rumonge haiwezi kuukwepa mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka ule waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa, yakiwalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yakapata wenyewe wengine. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao. Wengine walirudi, hasa kuanzia 2008, wakakuta mtu analima pale baba yao alipozikwa, na mtu huyo naye amezaa na kulea hapo.

Zifuate kanuni hizi.

*Sema yote kwa pumzi moja.* Ukianza na Aprili ukaishia hapo, umemlaumu mmoja. Ukianza na Mei, umemlaumu mwingine. Mahali unapoanzia kisa ndipo unapochagua mwenye kosa. Ndiyo maana tunayo kamba: simama mbele yake, onyesha miaka ya kabla na ya baada, pamoja na kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore tarehe 13 Oktoba 1961, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata.

*Usimuulize mtoto kabila lake, wala usimfanye mtoto msemaji wa nyumba yake.* Asiwepo anayesimama kujibu kwa niaba ya waliouawa wala ya walioua.

*Usionyeshe picha za maiti, wala usisimulie namna watu walivyouawa.* Mtoto wa miaka 12 anahitaji kujua kwamba ilitokea na kwamba ilikuwa dhuluma. Hilo linatosha umri wake.

*Tafuta kisa cha jirani aliyemficha jirani.* Ukikipata kwa mzee anayeaminika na akaridhia, kisimulie. Mtoto lazima ajue kwamba hata siku ile palikuwa na njia nyingine.

*Malizia kwa kile ambacho watu waliweza kukijenga.* Mkataba wa Arusha wenyewe ulitaka historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi waisome pamoja. Na kabla ya Arusha palikuwapo abashingantahe, wazee wa haki wenye fimbo ya intahe, ambao kazi yao ya kwanza ni kusikiliza pande zote mbili kabla ya kufungua kinywa. Waulize watoto: mushingantahe angeuliza nini kwanza? Darasa langu lilijibu kwa pamoja bila kuelekezwa: "Umejuaje?"

Hatua ya 9: Waachie wajao ushahidi

Hatua ya mwisho inawatoa watoto kwenye kusoma historia na kuwaingiza kwenye kuitunza.

Tanganyika hupanda na kushuka. Mwaka 1876 Stanley aliukuta mto Lukuga, mlango wa ziwa upande wa Kongo, umezibwa na matope na magugu. Miaka michache baadaye maji yakapasua njia na ziwa likashuka. Lilipanda tena miaka ya 1960, na miaka hii ya 2020 limerudi kuingia majumbani na kuwahamisha watu, Gatumba hata Rumonge. Watoto wako wameliona kwa macho. Wao sasa ndio mashahidi.

Chagua ukuta au nguzo imara ufukweni ambayo mwenyewe amekubali. Mkiwa na watu wazima, pimeni umbali kutoka alama hiyo hadi maji, mara moja kila muhula. Kwenye daftari la darasa andikeni tarehe, kipimo, kilichotumika kupimia, hali ya mawimbi, na mzee aliyewaambia maji yalifika wapi alipokuwa kijana. Safu tatu ni zile zile.

Kisha lirudieni lile swali lililoachwa likining'inia Mugere. Chini ya ukurasa yaandikwe majina ya wote waliokuwapo: aliyeshika kamba, aliyesoma namba, aliyeandika, mama aliyewasindikiza, mwenye nguzo, na mvuvi aliyewaonyesha pa kukanyaga.

Yule msichana wa benchi la nyuma alimaliza shule zamani. Sikupata nafasi ya kumjibu vizuri. Nilipoanza daftari la maji, ukurasa wa kwanza kabisa niliuandika mimi: "Livingstone na Stanley walikutana Ujiji. Mugere walilala." Kando yake, kwenye TUMEAMBIWA, nikaandika kwamba habari hii ililetwa darasani na mwanafunzi, naye aliipata kwa bibi yake.